Magurudumu ya Meno: Kufunga Gia ya Baiskeli Kuukuu

Simama asubuhi kando ya barabara ya Msasani, Dar es Salaam, karibu na pwani wanakotua wavuvi. Utaona baiskeli zikipita, moja imebeba tenga la samaki, nyingine madafu. Sikiliza kwa makini. Mwendeshaji anapoacha kukanyaga pedali, baiskeli huendelea kwenda, na kwenye gurudumu la nyuma husikika mlio mwembamba: tik-tik-tik-tik. Miguu imetulia, lakini gurudumu linazunguka. Katika somo hili tutachunguza mlio huo unatoka wapi, na jambo gani hutokea tukiuondoa.

Bila shaka umewahi kuona baiskeli ya watoto wadogo yenye magurudumu matatu. Pedali zake zimeshikamana na gurudumu la mbele. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Mtoto akisukumwa, pedali huzunguka zenyewe, naye hulazimika kuinua miguu. Baiskeli kubwa haiko hivyo. Nguvu ya miguu hupita kwenye gurudumu la meno la mbele, ikavutwa na mnyororo, ambao mafundi huuita cheni, mpaka kwenye gurudumu la meno la nyuma.

Jaribio la 1

Pindua baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani. Hesabu meno ya gurudumu la mbele, kisha ya nyuma. Funga kitambaa kidogo kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma. Mwenzako azungushe pedali polepole mzunguko mmoja tu, nawe uhesabu kitambaa kimepita mara ngapi. Usiguse mnyororo wakati unakwenda.

Ikiwa mbele kuna meno 42 na nyuma meno 14, kitambaa kitapita mara 3, kwa sababu 42 ÷ 14 = 3. Kama nyuma kuna meno 28, kitapita mara moja na nusu tu. Mzingo wa tairi la baiskeli ya mbio ni kama meta 2.1. Basi katika hali ya kwanza mzunguko mmoja wa pedali hukupeleka meta 6.3, na katika hali ya pili meta 3.15. Katika hali ya pili unakwenda pafupi, lakini miguu haichoki upesi, hasa ukipanda mlima. Hiyo ndiyo kazi ya gia.

Sasa turudi kwenye ule mlio. Gurudumu la meno la nyuma halikushikamana moja kwa moja na kitovu cha gurudumu. Kati yao kuna kifaa ambacho mafundi hukiita friwili. Ndani yake mna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi. Ukikanyaga kwenda mbele, vikucha hunasa kwenye meno ya ndani na kuvuta gurudumu. Ukiacha kukanyaga, vikucha huteleza juu ya meno hayo, na kila kikishuka jino moja hulia: tik.

Tuseme kaka yako amenunua sokoni baiskeli ya mbio ya mtumba. Ni nyepesi, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Lakini kifaa cha kuhamisha mnyororo kimevunjika, na friwili imeshikwa na kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Mwenye baiskeli Msasani hulijua jambo hili kuliko mwenye baiskeli Dodoma. Vipuri vipya vya gia ni ghali. Kaka yako afanye nini?

Msasani ni tambarare. Mtu anaweza kuizunguka yote kwa gia moja. Kwa hiyo kaka yako anaweza kuondoa friwili pamoja na kifaa kilichovunjika, akafunga nyuma gurudumu moja la meno lisilo na vikucha. Gurudumu lenye meno 18 linafaa. Tugawanye: 42 ÷ 18 = 2⅓. Kila mzunguko wa pedali utampeleka meta 4.9.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, aangalie kwanza mahali ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu. Mwanya ukiwa umelala, gurudumu laweza kuvutwa nyuma ili kukaza mnyororo. Mwanya ukielekea chini wima, mnyororo hauwezi kukazwa kwa njia hiyo, na fedha za vipuri zitakuwa zimepotea. Mwanya ukifaa, fundi hufungua friwili kwa kifaa chake maalumu, akafunga gurudumu jipya la meno, akapunguza pingili za mnyororo. Magurudumu yote mawili ya meno lazima yawe katika mstari mmoja ulionyooka. Yasipokuwa hivyo, fundi huhamisha washa za ekseli kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mnyororo usilegee, wala usikazwe kama uzi wa zeze. Katikati uweze kuchezacheza kiasi cha sentimeta moja.

Mtu mwingine atamshauri kaka yako aichomelee friwili ya zamani ili isizunguke. Ni rahisi kweli, lakini grisi iliyo ndani huungua, na kiungo kikichomelewa vibaya huachia njiani. Mimi singeipanda baiskeli hiyo.

Jaribio la 2

Chukua chupa yenye mfuniko wa kuzungusha. Mikato iliyo shingoni mwa chupa huitwa hesi. Zungusha mfuniko kwenda kulia: unakaza. Zungusha kwenda kushoto: unalegea. Gurudumu la meno la nyuma hufungwa kwenye kitovu kwa hesi ya namna hiyo hiyo. Ukikanyaga kwenda mbele, mnyororo hulikaza zaidi na zaidi.

Lakini katika baiskeli iliyofungwa gia, miguu haiwezi kupumzika. Gurudumu likizunguka, pedali huzunguka. Mwendeshaji akitaka kupunguza mwendo huzizuia pedali kwa miguu yake, na hapo mnyororo huvuta upande wa kufungua. Gurudumu la meno laweza kufunguka kama mfuniko wa chupa, na miguu ikakosa kitu cha kuzuia. Ndiyo maana vitovu vilivyotengenezwa kwa kazi hii vina hesi ya pili, inayokazwa kwa kuzungushwa kushoto, pamoja na pete ya kulizuia gurudumu la meno lisitoke. Kitovu cha baiskeli ya kaka yako hakina hesi hiyo. Baadhi ya mafundi hukaza hapo pete iliyotolewa kwenye ekseli ya pedali za baiskeli nyingine kuukuu. Husaidia, lakini si kinga kamili.

Basi breki isiondolewe. Vijana wengine huondoa breki ili baiskeli ipendeze. Wanaoshindana bila breki hufanya hivyo katika viwanja maalumu, ambako hakuna daladala inayosimama ghafla wala mtoto anayevuka. Fanya hesabu hii: pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, baiskeli ya kaka yako huenda kama kilometa 17.6 kwa saa. Akishuka vilima vya Pugu kwa mwendo maradufu ya huo, miguu yake italazimika kuzunguka mara 120 kwa dakika, atake asitake.

Jihadhari pia na vidole. Katika baiskeli ya kawaida, ukiacha pedali mnyororo husimama. Katika hii mnyororo unaendelea maadamu gurudumu linazunguka, na kidole kikiingia kati ya mnyororo na meno hakitoki kikiwa kizima. Usiupanguse wala kuutia mafuta ukiwa unakwenda.

Usidhani gia iliyofungwa ni kitu kipya. Baiskeli ya mnyororo aliyoitengeneza John Kemp Starley nchini Uingereza mwaka 1885 haikuwa na friwili. Na katika mashindano ya kuzunguka Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1903, vifaa vya kuhamisha mnyororo havikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, mwendeshaji aliyefika mlimani aliweza kushuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana upande wa pili lilikuwa na meno ya idadi nyingine.

Maswali

1. Baiskeli ina meno 48 mbele na 16 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?
2. Kaka anakwenda meta 4.9 kwa kila mzunguko wa pedali. Atazungusha pedali mara ngapi hivi katika kilometa moja?
3. Eleza kwa nini kuzuia pedali kwa miguu kunaweza kulegeza gurudumu la meno la nyuma.
4. Nenda kwa fundi baiskeli wa karibu nanyi. Mwombe akuonyeshe friwili iliyofunguliwa. Chora vikucha na springi zake.