Niliyojifunza Nikishika Daftari la Diakonia

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, siku ambayo sikwenda kikaoni. Makanisani ndivyo ilivyo, asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Usharika wetu ni wa Kilutheri, uko pembezoni mwa Moshi, na washarika wake ni walimu, madereva, wauza mitumba, wastaafu wachache, na akina mama wa sokoni ambao ndio hasa wanaolibeba kanisa. Nilikabidhiwa daftari kubwa la jalada jekundu na bahasha ya kaki yenye shilingi 86,000. Nikadhani kazi ni kugawa. Miaka sita imepita, na haya ndiyo niliyojifunza, mengi kwa kukosea kwanza.

1. Mwenye shida ya kweli ameshaacha kuja

Mwaka wa kwanza tulikaa ofisini kila Jumatano jioni tukisubiri wahitaji. Walikuja wale wale, wajuzi wa kuomba, barua ya mwenyekiti wa mtaa iko tayari mfukoni. Sina ugomvi nao, kuomba nako ni kazi. Lakini walikuwepo watu tuliojua wazi kwamba wamebanwa, na hao hatukuwaona.

Jibu nilikuja kulipata kwenye daftari la mhazini. Kwetu kila msharika ana bahasha zenye namba yake, na mwanzoni mwa mwaka huandika ahadi ya atakachotoa. Jioni moja nikawa napitia namba moja baada ya nyingine. Namba fulani ilitoa 5,000 kila Jumapili hadi Aprili. Ikashuka hadi 2,000, ikawa 500, kisha safu nyeupe hadi Oktoba. Mwenye namba alikuwa fundi seremala aliyekatwa vidole viwili na mashine. Hakuhama imani. Aliona haya kupita mbele mikono mitupu, na aliona haya zaidi akifikiria mzee wa kanisa atakayemkumbusha ahadi yake mbele ya wanawe.

Basi daftari tulilokuwa tukilitumia kuwasaka wadaiwa tukaanza kulisoma kinyume. Palipo na safu nyeupe, nenda kapige hodi. Si kila mara tulipatia. Mmoja nilimfuata kwa huruma tele nikamkuta anashusha mabati ya nyumba ya pili. Huyo alikuwa mchoyo tu.

2. Kipaza sauti ni cha mnada

Anayefahamu ibada zetu anajua kinachotokea nje ya kanisa baada ya baraka. Sadaka za vitu hunadiwa: mkungu wa ndizi, jogoo, lita tano za maziwa, trei ya mayai. Mtu ananunua trei kwa 15,000, anairudisha mezani inadiwe tena, mwingine anapandisha, watu wanacheka, na mayai yale yale yanaliingizia kanisa hela mara tatu. Ni raha, wala siisemi vibaya. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa tunakusanya kwa kelele, basi na kutoa ni kwa kelele.

Krismasi yangu ya kwanza tuliita familia kumi na mbili mbele ya madhabahu. Kila moja ilipewa kilo tano za mchele, lita moja ya mafuta na kilo mbili za sukari. Kwaya iliimba, kijana wa vyombo akapiga picha. Bibi mmoja alipokea akiwa amejivuta kanga hadi puani, ukaona macho tu. Nyuma yake alikuwepo binti wa kidato cha tatu aliyesukumwa na mama yake. Alibeba mfuko ule kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba panya aliyekufa, na alipofika mlangoni hakurudi kukaa, akatoka moja kwa moja. Nilisikia baadaye kwamba anasali kwa Wapentekoste wa ng'ambo ya mto. Ule mchele ulitugharimu muumini.

Mwaka uliofuata tukajaribu duka. Tulilipa kwa Mangi wa njia panda, na mhusika akaenda kuchukua bidhaa kama mteja yeyote. Ilifaa mwezi mmoja. Kisha tukagundua kwamba Mangi ana mdomo, kila anayepima sukari anasimuliwa nani kalipiwa na kanisa. Siku hizi tunatuma pesa kwa simu, pamoja na ya kutolea, na ujumbe wetu haulitaji kanisa. Ile ya kutolea isidharauliwe. Mtu umemtumia 20,000 ya dawa, akifika kwa wakala inapungua, na dawa haipungui bei.

3. Unga hauzimi deni

Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, na bado sidhani kama tumelimaliza.

Mama mmoja muuza dagaa tulimpa kilo kumi za unga. Siku ya pili mjumbe mwenzetu akaja mbio: "Mwalimu, yule mama kauza unga wetu!" Kikao kikaitishwa. Maneno makali yalisemwa kuhusu watu wasio na shukrani, na jina lake likapigwa mstari. Mstari huo niliuchora mwenyewe kwa rula.

Wiki mbili baadaye nilikutana naye kwenye bodaboda moja, tumepakiwa mishikaki, hivyo hakuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimekuja kuomba radhi kabla sijajua kosa langu." Akacheka, kisha akaeleza. Alikopa shilingi 300,000 kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu, arejeshe 13,000 kila siku kwa siku thelathini. Piga hesabu, ni 390,000 ndani ya mwezi mmoja. Dagaa zilimpa faida ya 8,000, siku njema 10,000. Alikuwa na pengo tangu siku ya kwanza, na pengo hilo akaliziba kwa mkopo wa pili, wa pili kwa wa tatu. Godoro lilishachukuliwa. Jiko la gesi lilishachukuliwa. Unga wetu ulikuwa rejesho la siku moja. Nyumbani mahindi yalikuwepo, kaka yake alimletea debe mbili kutoka shambani. Alichokosa ni usingizi.

Mzee wetu mmoja wa kanisa, karani mstaafu wa reli, mtu anayependa stakabadhi kuliko chakula, alijitolea kwenda naye kwa wakopeshaji. Walikaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wawili walikubali kupokea kilichobaki cha fedha halisi waliyotoa, riba ikaachwa, na kamati ikalipa 210,000 kwa maandishi na sahihi. Wa tatu alitutukana, akasema kanisa lihubiri na biashara aachiwe yeye. Huyo mama alimlipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi saba.

Tangu hapo fomu yetu ina swali ambalo halikuwepo: "Unadaiwa na nani, na lini anakuja?" Wengi hulijibu kwa kunyamaza kwanza.

4. Usilipie kilichokwisha kulipwa

Tulichangisha hela za bili ya mzee wa miaka 71 aliyelazwa, tukafikisha nusu, ndipo muuguzi mmoja alipotuuliza kama tumepita kwa ofisa ustawi wa jamii. Hatukujua hata mlango wake. Sera ya afya ya nchi hii inasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, ila msamaha haukufuati kitandani. Unafuatwa kwa barua. Vivyo hivyo kwenye elimu: mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, kwa hiyo anayeomba "ada" ya shule ya serikali pengine anamaanisha sare, madaftari, au mchango wa chakula. Muulize vizuri. Na bima ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa hela ya bili moja tungekatia kaya nane.

5. Nendeni wawili, na msitazame sufuria

Hili tulijifunza kwa Wakatoliki wa mtaa wa pili, wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wao wana historia ndefu ya kupiga hodi. Chama chao kilianza Paris mwaka 1833, kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu akiwemo Frédéric Ozanam, kijana wa miaka ishirini. Hawakujua kuwatembelea maskini kunafanywaje, wakaelekezwa na mtawa, Rosalie Rendu, aliyekijua kila kichochoro cha mtaa wa Mouffetard. Mpaka leo wanatembea wawili wawili. Jirani yangu Mvinsenti alinipa sababu isiyoandikwa popote: mmoja anaongea, wa pili ananyamaza, na mwenye nyumba huishia kumwambia ukweli yule anayenyamaza.

Sisi tulikuwa tunakwenda watano, kama polisi wa upekuzi. Mjumbe mmoja alisimama sebuleni, akaiona televisheni, akarudi na hukumu: "Hawa si maskini." Televisheni yenyewe ilikuwa imepasuka kioo kwa ndani, ilifanywa meza ya kuwekea dawa za baba. Kuna kipimo kimoja ninachokiamini zaidi ya samani, nacho ni mita ya umeme. Nyumba inayonunua LUKU ya 1,000 mara nne kwa wiki haina akiba hata ya siku tatu.

Na mkikaribishwa chai ya rangi, kunyweni. Najua sukari ni ya mwisho. Kunyweni.

6. Mlalamikaji apewe upawa

Kila anayesoma Matendo ya Mitume sura ya sita hukumbuka mashemasi saba. Wachache hukumbuka kwamba kulikuwa na kesi: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walirukwa katika mgawo wa kila siku, wakanung'unika. Angalia waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote ya Kiyunani. Inaonekana kanisa lile la kwanza, badala ya kuwatuliza wanung'unikaji kwa mahubiri, liliwakabidhi chungu.

Nililifikiria hilo siku nilipohesabu orodha yetu. Kaya kumi na nne, na tisa kati ya hizo zilikuwa ndugu wa wazee wa kanisa au wanakwaya. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alitaja shida anayoijua, na shida unayoijua ni ya shemeji yako. Tukaingiza kwenye kamati wajumbe wawili waliowahi kusaidiwa, mmoja wao akiwa yule mama wa dagaa. Nilitarajia atakuwa mlegevu wa huruma. Lo! Ndiye mkali kuliko wote. Mwombaji akianza hadithi ndefu, anamwuliza taratibu, "Baba, jana usiku mlikula nini?" na hadithi inafupika.

Ndiye pia aliyemaliza mjadala wa wasio wa kwetu. Tulikuwa tunabishana kama fedha ya sadaka inaweza kumsaidia jirani Mwislamu aliyeunguliwa na chumba. Akasema yeye, usiku wa godoro, alilala kwa jirani huyo huyo, na hakuulizwa namba ya bahasha. Tukaendelea na ajenda inayofuata.

7. Zawadi iwe zawadi

Tulimkopesha kijana mmoja shilingi 150,000 afungue genge. Tuliuita "mtaji wa diakonia," jina zuri, na tulikubaliana arejeshe 15,000 kwa mwezi. Alirejesha mara mbili. Nyanya zilishuka bei, mke akajifungua kwa upasuaji, genge likafungwa. Mimi kama katibu nilimwandikia barua ya kumkumbusha, yenye nembo ya usharika na mhuri, nikampa mwinjilisti ampelekee. Barua ya upole, niliisoma mara mbili kuhakikisha. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata hiyo, na safu yake kwenye daftari la mhazini ikawa nyeupe.

Siku hizi anayetaka mkopo tunamwelekeza VICOBA, ambako kila mwanachama anadaiwa na kila mwanachama anadai, na hakuna mchungaji katikati. Sisi tunatoa kidogo, na tukitoa tumetoa.

Deni la yule kijana tulilifuta mwaka jana kwa muhtasari wa kikao, wajumbe wote wakasaini. Ana mkokoteni wa kuuza miwa karibu na stendi. Nimejaribu mara tatu kumfikia nimwambie. Kila akiniona kwa mbali anaacha kisu juu ya ubao, anavuka barabara, na kumwachia mteja miwa nusu imemenywa.