SOMO LA ROBO HII: KUKAA KIMYA NA MFIWA

Neno la msingi: Ayubu 2:11–13



Marafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye vumbini wiki nzima bila kusema kitu. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka.

Somo hili tumelipata kwa mwanafunzi mmoja, mtumishi wa usharika wa huku Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Alikwenda Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kusoma saikolojia kwa njia ya huduma ya kichungaji kwa wagonjwa. Mafunzo ya aina hiyo yana asili yake Marekani. Mwaka 1925 Mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwapokea wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester, ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa na si vitabuni tu.

Mwanafunzi wetu alitegemea mihadhara na mitihani. Badala yake alitumwa wodini. Akirudi, alikaa kimya kwanza, kisha akaandika mazungumzo yote kadiri alivyoyakumbuka, maneno yake na ya mgonjwa. Baadaye aliyasoma mbele ya wenzake na msimamizi.

Siku moja alimtembelea mama aliyefiwa na mwanawe. Kabla mama hajamaliza sentensi ya pili, alimwambia kuwa ni mapenzi ya Mungu, akaomba, akaaga. Mama akageukia ukutani. Aliposoma mazungumzo hayo, msimamizi aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa unamwombea, au ulikuwa unamkimbia?"

Alitusimulia kuwa usiku ule hakulala. Alimkumbuka mdogo wake aliyefukiwa na kifusi kwenye duara la dhahabu. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeongoza ibada, na tangu hapo hakuwahi kulia. Kesho yake alirudi kwa yule mama, akavuta kiti, akanyamaza. Baada ya muda mrefu mama alianza kuzungumza.

Tunajifunza nini?

Kwanza, anayetaka kumsaidia mwenye huzuni aijue huzuni yake mwenyewe. Asipoijua, atawanyamazisha wengine ili yeye asiumie.

Pili, kunyamaza si kukosa la kufanya. Ni kumpa mwenzako nafasi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mwache aliyekilalia aseme.

Tatu, kwetu jambo hili ni la uhai. Kijana akifa machimboni, swali la "nani kamfanyia?" huja upesi. Katika ukanda wetu wa Usukuma bibi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hatudai kwamba kusikiliza peke yake kutakomesha mauaji hayo. Sheria na elimu vinahitajika. Lakini mfiwa aliyepata mtu wa kukaa naye mapema ana mahali pengine pa kupeleka uchungu wake, mbali na mlango wa jirani.

Tukiri pia kosa letu. Katika taarifa zetu kuna safu ya mabati, ya saruji na ya visima. Mwanafunzi huyu aliporudi, tulikosa safu ya kumwandika, na baadhi yetu tuliuliza fedha imefanya nini. Wafadhili wetu, tunaomba mtuvumilie tunapoleta taarifa isiyo na picha ya jengo.

Zoezi kwa kamati za sharika: baada ya kumtembelea mfiwa, kaeni kimya dakika 10 kabla ya kurudi nyumbani. Kisha kila mmoja ajibu, bila kutaja nje yaliyosemwa na mfiwa:

1. Nani alizungumza zaidi, sisi au yeye?
2. Ni wapi nilitamani kuondoka, na kwa nini?
3. Nani atarudi baada ya matanga, na siku gani?

Swali la tatu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la mhusika.