Baba anataka kupeleka barua ya posa, nami moyo wangu hauko kwa wanawake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 28, naishi Wilaya ya Kyerwa. Tangu nikiwa darasa la sita nilijua kwamba wasichana hawanivutii. Ninaovutiwa nao ni wanaume. Nimefunga, nimeombewa kanisani bila kusema ninaombewa nini, na mama aliwahi kunipeleka kwa mganga akidhani nimerogwa nisioe. Hakuna kilichobadilika.

Baba ana kibanja kikubwa cha migomba na kahawa. Kaka zangu wawili wameshakatiwa sehemu zao. Mimi nimeambiwa sipewi hata mgomba mmoja mpaka niwe na mke. Sasa wamenitafutia binti wa rafiki yake baba aliyehamia Karagwe. Mshenga amepatikana, na barua itapelekwa kahawa ikishauzwa. Binti mwenyewe ananipigia kila jioni na kuniita mume wangu. Namwonea huruma.

Wakati huohuo kuna mwanaume niliyempata mtandaoni. Anasema anakaa Omurushaka. Anataka nimtumie picha, kisha tukutane gesti usiku. Natamani kwenda, maana sijawahi kupata mtu hata mmoja wa kuzungumza naye mambo haya. Mwingine wa mtandaoni ananishauri nivuke mpaka wa Murongo niingie Uganda, ambako hakuna anijuaye.

Shangazi, nioe ili yaishe? Nimwambie mama? Niondoke? Usiku silali.

Asiyelala, Kyerwa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeifupisha, nikaondoa jina la kijiji, kazi yako na mengine ambayo jirani angekutambua kwayo. Uliyataja yote kwa uaminifu. Siku nyingine usimwandikie mtu yeyote hivyo, hata mimi.

Naanza na lile lisiloweza kungoja. Usimwoe huyo binti.

Najua unachotumaini: ukioa, wazee watanyamaza, kibanja utakipata, na labda moyo nao utafuata. Wazee watanyamaza mwaka mmoja, kisha wataanza kuuliza mjukuu yuko wapi, na akizaliwa wataulizia wa pili. Wewe utakuwa ndani na mwanamke anayelala kila usiku akijiuliza ana kasoro gani. Barua za wanawake wa namna hiyo ninazipokea, na ndizo zinazoniumiza kuliko zote. Wengi hawajui kinachoendelea. Wanajilaumu kwamba wamenenepa, wamekonda, au wamerogwa na mawifi. Wanakunywa kila mtishamba wanaoelekezwa. Miaka inapita, na ujana wao ndio umekwisha hivyo.

Wewe una haki ya kunyamaza kuhusu moyo wako. Hakuna anayekudai maelezo, awe baba, mchungaji au jirani. Lakini siku utakaposimama mbele ya watu ukaapa, gharama ya kimya chako itaanza kulipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Hapo ndipo mimi ninapokataa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema ndoa ni muungano wa hiari, na haifungwi pasipo ridhaa ya wote wawili. Ridhaa yako haipo. Sheria hiyohiyo inamruhusu aliyeahidiwa ndoa kisha ahadi ikavunjwa kudai fidia mahakamani, na zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa isiyofungwa zinaweza kudaiwa zirudishwe. Kwa hiyo usingoje barua, usingoje mahari, usingoje kamati ya harusi ianze kukusanya michango. Kila hatua unayoiacha ipite itamwaibisha binti huyo mbele ya watu wengi zaidi. Leo bado ni maneno ya mdomo.

Nenda kwa baba peke yako, asubuhi, kabla hajakaa na wenzake kwenye pombe ya rubisi. Mwambie: “Baba, sijawa tayari kuoa. Binti yule namheshimu, na sitaki aje ateseke kwangu. Naomba barua isipelekwe.” Usiongeze neno. Usimtungie mchumba wa Mwanza, maana kesho watakuambia umlete. Akikasirika, mwache akasirike, usijibizane naye. Kama una shangazi au baba mdogo ambaye baba humsikiliza, mtangulize akuombee muda. Huko kwenu neno la shangazi katika mambo ya ndoa lina uzito, litumie.

Binti umpigie mwenyewe, umwambie kwa sauti yako, usimtumie ujumbe. Mwambie hutamuoa, kosa si lake, na asikungoje. Sababu si lazima uitaje. Atalia, na pengine atakuchukia. Hilo ulivumilie.

Kuhusu kibanja, maumivu yako nayaona. Kibanjani ndiko mababu walikozikwa, na kunyimwa sehemu yake ni kama kuambiwa wewe si wa nyumba ile. Lakini ardhi isinunuliwe kwa maisha ya mtu mwingine. Tafuta ya kwako, hata kama ni robo eka, na mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji. Jiunge na chama cha msingi kwa jina lako, kahawa yako ipimwe kwa jina lako, na fedha ziingie kwenye akaunti yako. Na usiuze butura, yaani kahawa ambayo haijakomaa, hata ukibanwa namna gani. Mwenye deni juu ya kahawa ambayo bado ni maua hawezi kumkatalia mzee neno lolote. Kijana anayejilisha mwenyewe huulizwa maswali kwa sauti ya chini kidogo, na katika hali yako hiyo kidogo ni kubwa sana.

Sasa huyo wa Omurushaka. Sitakuambia uishi bila kupendwa, na sioni ajabu kwamba unatamani kwenda. Miaka 28 bila mtu wa kuzungumza naye ni mzigo mzito. Lakini upweke wa namna hiyo ndio wanaouwinda matapeli. Mtego wao umewanasa vijana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: mtu anachati kwa upole wiki nyingi, anapata picha, anaita gesti, kisha mlango unafunguliwa wanaingia wanaume watatu au wanne. Wanapiga, wanarekodi kwa simu, wanataka pesa. Nao wanajua aliyeumizwa hataenda polisi, kwa kuwa kueleza kilichomkuta ni kujishtaki.

Inawezekana kabisa huyu wako ni mtu mwema, mpweke kama wewe. Basi mpe nafasi ya kuonyesha hivyo. Picha usitume, hasa yenye uso wako. Mwombe mzungumze kwa video, mchana. Akiutaka uso wako huku wake anauficha, mfute. Mkionana, iwe saa nne asubuhi kwenye mgahawa wenye watu, mnywe chai, kila mtu arudi kwake. Anayekutaka kwa wema atakubali chai, tena atakubali mara ya pili na ya tatu. Kijiji chako na jina la baba yako hana haja ya kuvijua. Mtu mmoja unayemwamini ajue umeelekea wapi na utarudi saa ngapi, hata kama hajui sababu. Simu yako iwe na nywila, na mazungumzo uyafute.

Na mtu yeyote akikuambia lipa la sivyo nitakutangaza, usitume hata elfu moja, kwa sababu anayelipwa leo hurudi kesho. Kata mawasiliano umtafute wakili. Kumtisha mtu ili akupe fedha ni kosa la jinai, na wakili anabanwa na kazi yake kutunza siri ya mteja.

Lazima pia nikueleze sheria ilivyo, kwa sababu wengi huisikia nusunusu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kile kinachoitwa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, isipungue miaka 30. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 1945 chini ya Mwingereza, na adhabu ikazidishwa mwaka 1998 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kinachoadhibiwa ni tendo. Kuvutiwa na mwanaume, kumpenda, kukaa naye mkazungumza, hakuna kifungu kinachosema hayo ni kosa. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinaharibu maisha ya watu wazima wasiomdhuru yeyote, na kinawapa matapeli silaha. Lakini ndicho kilichopo, nawe unaishi chini yake.

Hata hiyo tofauti kati ya mtu na tendo, watu wenye hasira hawaijali. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu kama wewe na kuwataka wananchi wawataje kwa majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Wakati tamko hilo la Wizara linatoka, wengi walikuwa wameshahama nyumba zao. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, usikubali mtu akuambie unajitisha bure.

Anayekushauri uvuke Murongo hakutakii mema, au hajui anachosema. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali kuliko yetu, yenye kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa makosa iliyoyaita mazito zaidi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya huko ilifuta vifungu vichache tu, sehemu kubwa ikabaki. Rwanda, ng’ambo ya mto Kagera, haina kosa la namna hiyo katika sheria yake ya adhabu, ingawa jamii ya kule nayo haijalainika. Lakini kuhamia nchi ya watu bila kazi wala ndugu ni jambo la kupangwa kwa muda mrefu, si la kukimbilia usiku kwa sababu ya barua ya posa. Ukitaka kuondoka Kyerwa, mji mkubwa wa hapahapa nchini ambako una kazi ya kwenda kuifanya utakufaa zaidi. Hapo watu hawahesabu nani anaingia kwako.

Mama. Naona unamtaja kwa upendo, hata aliposhika njia ya kwa mganga. Usimwambie mwezi huu, wakati nyumba nzima inachemka kwa habari ya posa. Kwanza msikilize anavyowazungumzia watoto wa watu wengine waliopata aibu, binti aliyepata mimba, kijana aliyefungwa. Akiwazungumzia kwa huruma, kuna siku atakubeba na wewe. Akiwasema kwa kuwakata, ngoja. Ukimwambia kabla hujawa na pa kulala pengine, unaweka usalama wako wote mikononi mwa mtu mmoja aliyeshtuka. Na akijua yeye, jiulize kama ataweza kumficha baba.

Maombi sikukatazi, ni yako na Mungu wako. Ila fedha za mganga zitunze. Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na watu wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa tangu mwaka 1990, na kisicho ugonjwa hakina tiba. Viongozi wa dini wengi watakuambia ni dhambi. Papa Francis mwenyewe, alipohojiwa na shirika la habari la AP mwezi Januari 2023, alirudia kwamba kanisa lake linaliona tendo kuwa dhambi, lakini akasema wazi kwamba kuwa hivyo si uhalifu na kwamba Mungu anawapenda watu hao. Usimfungukie kiongozi wa dini kabla hujajua ni mtu wa kutunza siri.

Afya yako nayo isisahaulike. Huko kwenu mkoani Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya mpakani, wakasema ni uchawi, na wagonjwa wakafichwa vyumba vya ndani. Wazee wako wanakumbuka aibu ile ilivyozuia watu kutunzwa. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za VVU katika vituo vipatavyo 40 vilivyohudumia watu kama wewe, na tangu hapo vijana wengi wanaogopa hata kusogea hospitali. Wewe nenda. Kupima na dawa za kufubaza virusi ni bure katika vituo vya serikali, na sheria ya VVU ya mwaka 2008 inataka majibu yako yawe siri. Si lazima umweleze mhudumu unampenda nani. Kondomu itumie bila kukosa, na uliza kama wana dawa kinga ya kumeza kwa asiye na virusi.

Ukishazungumza na baba, niandikie yaliyotokea. Safari hii usitaje wilaya.

Na ninyi wazazi wa Kyerwa na Karagwe mnaosoma ukurasa huu, huenda kijana huyu anakula chakula mezani kwenu. Msimtafute ni nani. Kama una mwana asiyetaka kuoa, ondoa sharti la mke kwenye ardhi, mkatie sehemu yake ya kibanja kama ulivyowakatia kaka zake, na umwache binti wa watu aolewe na mtu anayemtaka.