Kabla Hujaziba Jino kwa Dawa Nyeupe

Swali la kwanza kwenye kiti cha daktari wa meno siku hizi ni rangi: "Dokta, itaonekana?" Ni swali la haki, hasa kwa jino la mbele. Lakini rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Jino lililozibwa kwa dawa nyeupe hudumu au hubanduka kutokana na mambo yanayofanyika ndani ya dakika chache, mdomo ukiwa wazi, na adui mkubwa wa dakika hizo ni mate.

Kwanza ujue unawekewa nini, maana dawa nyeupe si moja. Ile inayofanana na jino mpaka ndugu zako wasitambue ni kompoziti, yaani utomvu wa plastiki uliochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Nyingine ni glasi ayonoma. Hii ni nyeupe iliyofifia, haina mng'ao wa jino, na huliwa haraka ikiwekwa kwenye gego linalotafuna. Hata hivyo ina sifa mbili ambazo kompoziti haina: hujishikiza yenyewe kwenye jino, na hutoa floridi kidogo kidogo inayolinda kingo za tobo. Haiogopi unyevu kama mwenzake. Kwa jino la utoto la mtoto asiyetulia, au tobo lililo chini kabisa karibu na ufizi, daktari akikushauri glasi ayonoma usidhani anakupa cha bei rahisi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Watanzania wana sababu ya kuiheshimu zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, kupitia chuo cha meno cha Dar es Salaam, ilianzishwa hapa njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kuchonga. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha dawa hukandamizwa kwa kidole kilichopakwa vaselini. Njia hiyo baadaye ikafungamana na glasi ayonoma, Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo tabibu wa meno wa wilayani akikuambia hatakuchonga kwa mashine, si lazima iwe ni kwa sababu mashine imeharibika.

Turudi kwenye kompoziti, maana ndiyo inayohitaji uangalifu. Yenyewe haishiki jino; inashikizwa kwa gundi. Aliyewahi kumtazama fundi baiskeli akiziba pancha ataielewa kazi hii mara moja: anakwangua mpira, anaukausha, anapaka gundi, anasubiri, ndipo anabandika kiraka. Daktari naye hukwangua, ila kwa asidi. Huipaka kwenye gamba la jino kwa sekunde 15 hivi, akaisuuza, na gamba hubaki na vijitobo visivyoonekana kwa macho ambamo gundi itapenya. Tone moja la mate likigusa hapo kabla ya gundi, kazi inabidi irudiwe. Ikiwa haikurudiwa, hutajua siku hiyo. Utajua baada ya miezi, pale chai ya moto au maji baridi yatakapopita ukingoni na jino kushtuka.

Ndiyo maana unajazwa pamba mashavuni na mpira wa kunyonya mate, na kliniki nyingine hufunika jino kwa shuka nyembamba ya mpira. Vumilia. Ukitaka kumeza, kukohoa au kusema neno, inua mkono usubiri ruhusa, usifumbe mdomo. Kisha dawa huwekwa kwa tabaka za milimita 2 hivi, na kila tabaka hugandishwa kwa taa ya bluu kwa takriban sekunde 20. Zipo aina zinazoruhusu milimita 4 kwa mkupuo, lakini tobo kubwa la gego bado lina kazi ya nusu saa au zaidi. Usiende wakati wa mapumziko ya mchana huku umeacha bodaboda ikikusubiri nje. Na usiikodolee macho taa ile.

Kabla ya siku yenyewe, kuna la kusema kuhusu karafuu. Jino likiuma, wengi wetu hukimbilia punje ya karafuu au pamba iliyochovywa mafuta yake, na kweli hutuliza. Shida ni kwamba kemikali inayotuliza maumivu, yujenoli, huzuia kompoziti isigande vizuri. Dawa ya muda ya kuziba jino mara nyingi nayo ina yujenoli. Mwambie daktari kama umetumia mojawapo ili asafishe tobo sawasawa, au achague dawa nyingine. Ufizi unaovuja damu nao huharibu kazi kama mate, hivyo kama una ugaga, usafishwe kwanza, na kuziba kungoje ufizi upone.

Na kama jino linapwita lenyewe usiku na kukunyima usingizi, usitegemee kuziba pekee. Huenda uozo umefika kwenye kiini cha jino, na hapo mazungumzo ni ya kutibu mzizi au kung'oa. Kulifunika jino la namna hiyo kwa dawa nyeupe ni kulifungia maumivu ndani.

Sasa rangi. Ichaguliwe mwanzoni kabisa, kabla ya pamba, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na rangi iliyochaguliwa wakati huo itakuwa nyeupe mno jioni jino likishalowa mate. Simama karibu na dirisha, futa rangi ya mdomo, shika kioo. Kama unapanga kung'arisha meno, ng'arisha kwanza na usubiri wiki 2 hivi, kwa kuwa dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kompoziti, na pia hudhoofisha gundi ikiwa bado mbichi kwenye jino. Wasomaji wa Arusha, Manyara au Nakuru, ambako maji ya floridi nyingi yamewaachia wengi meno ya kahawia, wanajua hamu ya kuyafunika. Inawezekana, lakini gamba lililoathiriwa na floridi hukwanguka kwa shida na daktari huhitaji muda zaidi wa kuliandaa. Mtafute aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na umwombe aanze na jino moja.

Kabla ya kuinuka kitini utaumanisha meno kwenye karatasi ya rangi. Usiwe na haya. Kama unahisi jino lile linawahi wenzake kugusana, sema, hata mara tatu. Ganzi hudanganya, kwa hiyo likijionyesha kesho yake, rudi. Kulipunguza ni kazi ya dakika chache, na kulivumilia ni kujitafutia maumivu ya kutafuna. Kompoziti hugandishwa papo hapo, ila subiri ganzi iishe ndipo ule, yaani saa 2 au 3. Watoto wasimamiwe, maana hutafuna mdomo uliokufa ganzi mpaka uvimbe. Aliyewekewa glasi ayonoma asile chochote kwa saa moja, na vigumu avitafunie upande mwingine hadi kesho. Kushtuka kidogo kwa baridi wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua si kawaida.

Nyumbani, kumbuka kuwa dawa haiozi, bali jino linaloizunguka ndilo linaloweza kuoza tena, na huanzia ukingoni, mahali ambapo hulioni. Hapo idadi ya mara unazokula sukari ina uzito kuliko kiasi. Chai ya sukari ukiinywa na chapati ukamaliza ni heri kuliko kikombe kilekile ukikifyonza kutwa nzima ofisini. Ubuyu wa rangi una makosa matatu katika punje moja: sukari, ukali wa asidi, na mbegu ngumu ambayo watu huitafuna bila kufikiri. Wapenzi wa ubuyu mtanisamehe. Soda usiifungue kwa meno. Muwa umenywe kwa kisu, si kwa jino la mbele lililozibwa kona.

Piga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, usiku uwe wa mwisho kabla ya kulala, na ukimaliza tema tu bila kusukutua maji mengi. Katikati ya meno pitisha uzi. Ukinasa au kukatika kila mara mahali pamoja, ukingo wa dawa una kasoro na unasawazishika. Mkaa na majivu yaacheni. Hukwaruza uso wa kompoziti, nao uliokwaruzika hunywa rangi ya kahawa, tumbaku, miraa na manjano haraka zaidi. Madoa ya juujuu huondoka daktari akiing'arisha upya, bila kuchonga chochote.

Wenye meno ya zamani yaliyozibwa kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha, huuliza kama waitoe. Karibu nusu ya amalgamu ni zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata walikubaliana mwaka 2022 kuacha kuitumia kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Lakini iliyokaa vizuri mdomoni iacheni ilipo. Kuitoa huamsha mvuke wa zebaki na hula sehemu ya jino ambayo bado ni nzima. Ibadilishwe ikivunjika, au uozo ukiingia chini yake.

Kompoziti iliyowekwa vizuri hudumu miaka 5 hadi 10, na wapo wanaoipitisha hapo. Mwone daktari mara moja kwa mwaka hata kama jino haliumi. Tobo dogo mara nyingi huzibwa bila hata sindano ya ganzi, kwa hiyo kama umeshaona doa jeusi linaloshika chakula, nenda wiki hii.