Mthamini Anapokuja Kukadiria Nyumba

Mtu atakaye mkopo wa benki kwa kuiweka nyumba yake rehani hana budi kungoja kwanza mthamini aje, aitazame nyumba, aipime, kisha aandike thamani yake. Nyumba ya kawaida haihitaji siku nzima kutazamwa. Hata hivyo wako watu wangojao majuma mengi, na kila siku humlaumu mthamini au benki, kumbe kizuizi kimo ndani ya sanduku lao la karatasi.

Yafaa ijulikane kwanza kazi ya mthamini ni nini. Katika Kenya, mthamini ni mtu aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Wathamini, wala hana ruhusa ya kukisia. Yeye hulinganisha yaliyoandikwa katika karatasi na yale ayaonayo kwa macho juu ya ardhi. Mambo hayo yakipatana, kazi huenda mbio. Yasipopatana husimama, maana hawezi kutia sahihi thamani ya kiwanja asichokuwa na hakika nacho.

Basi mwenye nyumba na aanze na karatasi. Atoe nakala ya hatimiliki, pamoja na cheti cha upekuzi kipya kutoka kwa msajili wa ardhi, kionyeshacho jina la mwenye ardhi na kama iko rehani nyingine au zuio lo lote juu yake. Siku hizi viwanja vingi hupekuliwa kwa mtambo wa serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzia Nairobi mwaka wa 2021. Atafute pia ramani ya usajili ionyeshayo kiwanja kilipo kati ya viwanja vya jirani, na ramani ya ujenzi iliyokubaliwa na kaunti. Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka fulani, miaka iliyobaki itahesabiwa katika thamani, na risiti za kodi zitaulizwa.

Jambo liwachelewesharo watu wengi kuliko yote ni jina. Mara nyingi nyumba imejengwa na mwana, lakini hatimiliki ingali katika jina la baba au babu aliyekwisha kufariki. Mthamini aweza kuikadiria nyumba hiyo, lakini benki haiwezi kuipokea kuwa rehani, maana marehemu hawezi kuweka sahihi, na mwana hana amri juu ya kile kisichoandikwa kwa jina lake. Lazima kesi ya mirathi ipitie mahakamani kwanza, msimamizi ateuliwe na kuthibitishwa, ndipo ardhi iandikwe kwa jina la mrithi. Hiyo si kazi ya juma moja, na ndugu wasiposikilizana yaweza kuchukua miaka. Afadhali kuianza kabla ya haja ya fedha kufika mlangoni.

Kadhalika mume asimfiche mkewe, wala mke mumewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu mpaka mwenzi akaaye humo ametia sahihi yake au imethibitishwa kwamba amekubali. Wako waliotoa ada ya mthamini, wakaja kukwama hapo. Na haki yenyewe iko wazi, kwa kuwa mkopo usipolipwa wote wawili watatolewa nje pamoja na watoto.

Baada ya karatasi ni ardhi yenyewe. Watu husema wana “nane ya ekari”, na kumbe kiwanja chao ni futi 50 kwa 100. Hizo ni futi za eneo 5,000 tu, ambapo sehemu ya nane ya ekari ni futi 5,445. Hatimiliki huandikwa kwa hekta, na mthamini hufuata hekta, si maneno ya dalali. Mawe ya mpaka nayo yatafutwe mapema na nyasi zifyekwe. Jiwe likiwa limepotea, aitwe mpima ardhi aliyeruhusiwa. Mwenyewe asithubutu kulirudisha kwa kukisia, kwani hapo ndipo magomvi na jirani huzaliwa. Yamepata kuonekana majumba ambayo jiko lake lasimama katika kiwanja cha mtu mwingine.

Siku ya mthamini kufika, wapangaji wawe wamearifiwa, funguo za vyumba vyote ziwe karibu, na mbwa afungwe. Chumba kilichofungwa ni chumba kisichoonekana. Mthamini hupima nyumba, hutazama kuta, paa, maji, umeme, shimo la maji machafu na barabara ya kuingilia, na hupiga picha. Nyumba za kupangisha zataka pia orodha ya kodi za kila mwezi. Viti na makabati ya kuhamishika hayamo katika hesabu. Rangi mpya hupendeza macho, lakini bati livujalo ni afadhali lizibwe kwanza.

Wengi huhuzunika kuona kwamba thamani si sawa na gharama. Mtu aliyetumia shilingi 5,000,000 kujenga mahali ambapo hakuna anunuaye nyumba, asishangae akiandikiwa pungufu, kwa sababu mthamini huuliza mnunuzi angetoa nini leo. Risiti za saruji hazibadili jambo hilo, sembuse bahasha ya siri. Aidha, thamani iliyoongezwa kwa hila huleta mkopo mzito kuliko nyumba.

Taarifa ikitoka, mwenye nyumba aombe nakala na kuisoma. Atazame nambari ya kiwanja, maana tarakimu moja ikikosewa faili hurudi nyuma. Kwa kawaida ataona bei mbili: ile ya soko, na ile ya chini zaidi, yaani bei ya kuuzwa kwa haraka mkopo ukishindikana. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi chaiamuru benki itafute bei nzuri iwezekanayo, na nyumba ithaminiwe tena kabla ya kuuzwa. Nakala ile ya kwanza na iwekwe pamoja na hatimiliki, ili siku hiyo ikifika familia iwe na hesabu ya kuilinganisha na ya mnada.