Kutengeneza Kuta za Bafu Kabla ya Kubandika Vigae

Wenzetu wengi wa Mpanda hupenda vigae bafuni, nasi twawasifu, maana ukuta wa vigae husafishika upesi. Lakini yafaa tujue ya kuwa kigae hakiponyi ukuta mbovu, bali huuficha tu. Maji hupenya katika viungo vyake. Na kama tofali za kuchoma zimeunganishwa kwa udongo, udongo hulowa, lipu hubanduka, na fedha ya mwenye nyumba hupotea.

Basi kwanza tugonge ukuta kwa mpini wa nyundo. Palipo na sauti ya utupu, lipu imeachana na tofali: ibomolewe. Rangi na chokaa zikwanguliwe zote.

Pili, tuloweshe tofali, tupige lipu ya saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 4, tuinyoshe kwa timazi na ubao. Ingali mbichi tuikwaruze, ili vigae vipate kushika.

Tatu, tuinyunyizie maji kila siku kwa siku 7, kisha tuiache ikauke kabisa. Mwisho tupake dawa ya kuzuia maji, ndipo tubandike.

Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.