Ua la Pareto na Kilimo Chake

Leo twataka kusema habari za ua jeupe lenye moyo wa manjano, nalo ni pareto. Nyumba nyingi za Mufindi, Njombe, Makete na Mbeya hulipia watoto ada ya shule kwa ua hili. Lakini wako pia walimao mwaka mzima na kupata mapato haba, si kwa uvivu, bali kwa kutoijua tabia yake.

Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, katika nchi iitwayo sasa Kroatia. Mbegu zililetwa Kenya mwaka 1928, wakati ule Wajapani ndio waliokuwa wauzaji wakubwa. Na katika vita vya 1939 hadi 1945 Kenya ilikuwa imekwisha kuwapita.

Mmea huu ni jamii moja na alizeti. Ukilichungua ua lake utaona si ua moja, bali ni maua madogo mengi yaliyosongamana pamoja. Jambo hili lisipitwe upesi, maana sumu iuayo wadudu, iitwayo pairethrini, haimo sana katika weupe upendezao macho. Karibu yote imo katika vijimbegu vilivyo chini ya maua madogo ya manjano. Kwa hiyo achumaye ua changa huchuma kitu kisichojaa bado, naye angojaye hata ua linyauke amechelewa. Wakati wake ni pale majani meupe yalalapo sawasawa, na duara tatu au nne za maua ya manjano zimekwisha kufunguka. Chuma kichwa peke yake bila kikonyo. Kikonyo huongeza uzito kikapuni na kushusha ubora wa mzigo. Rudi shambani kila baada ya majuma mawili au matatu.

Pareto yataka nchi ya juu, tangu futi 6,000 na zaidi. Sababu ni baridi: pasipo usiku wa baridi mmea hautoi vichwa vya maua. Waliojaribu kuipanda bondeni hupata majani mazuri, basi. Udongo usituamishe maji, kwa kuwa mizizi huoza. Panda juu ya matuta yaliyoachana futi 3, na mche hata mche futi 1.

Miche hupatikana kwa mbegu za kitaluni au kwa kupasua mashina ya zamani. Kupasua ni rahisi, nasi twakusifu, ila tahadhari moja: ua la pareto halipokei chavua ya shina lake. Shamba lote likitoka kwa mama mmoja, usitazamie kupata mbegu zitakazoota.

Hasara kubwa huja baada ya kuchuma. Maua mabichi yakiachwa katika gunia usiku kucha hupata joto, huvunda, na nguvu yake hupotea. Yatandazwe siku ile ile, tabaka nyembamba, juu ya mkeka au chanja, tena yageuzwe mara kwa mara. Kilo 4 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Likisagika kati ya vidole, limekauka. Kisha weka ghalani, mahali pakavu pasipo mwanga, maana jua huivunja sumu hii upesi ikiisha kutolewa katika ua. Kwa sababu hiyo hiyo haikai sana juu ya mboga iliyopuliziwa, nasi twaona ni sifa yake njema. Walakini huua samaki na nyuki, basi vyombo vilivyochanganyiwa dawa visioshwe mtoni. Wachumaji wengine huwashwa ngozi. Hao wavae nguo za mikono mirefu.

Shina hudumu miaka mingi, lakini baada ya miaka 3 au 4 mavuno hupungua, na minyoo midogo ya mizizini huzidi. Hapo ling'oe, ukapande mahindi au ngano kwanza. Shamba lingali na nguvu, kata mabua makavu wakati wa kiangazi kabla ya mvua kuanza, ili machipukizi mapya yapate nafasi.